Mie Mpemba, CCM, na nataka Serikali Tatu. Mnaoshangaa njooni tuzungumze

#1 BintiMkoani
Salaam wana jamvi.

Nimezaliwa Mkoani, Pemba, na skuli nimesoma hukohuko. Kadi ya CCM nimeichukua mara tu umri uliporuhusu, ada nalipa, na nikiitwa jukwaani napanda. Kwenye Muungano msimamo wangu ni serikali tatu: ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya shirikisho. Mtu akiyasikia hayo matatu kwa pamoja, hunitazama kama kwamba moja lazima nimemdanganya.

Nikiwa Dar, nikisema tu natoka Pemba, napewa pole ya Maalim Seif, yule kiongozi wa upinzani aliyefariki, papo hapo. Nikiwa Unguja kwenye kikao cha chama, nikinyanyua mkono kuchangia, kuna wanaotazamana. Nikirudi kwetu zipo nyumba ambazo nikibisha hodi tu, mazungumzo yanahamia kwenye mvua na bei ya mchele.

Sababu zangu nazieleza. Babu mzaa baba alikuwa akichuma karafuu kwenye shamba la mtu, yeye hana hata mkarafuu mmoja. Baada ya Mapinduzi akapata eka tatu. Septemba 1964 ikatangazwa elimu bila malipo, na baba akawa wa kwanza kwao kusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Siwezi kuambiwa nisahau chama kilicholeta hayo, ASP, ambacho baadaye kiliungana na TANU kikawa CCM. Na serikali tatu naitaka kwa sababu hiyohiyo. Aliyempa babu ardhi ilikuwa serikali ya Zanzibar, anayoijua na kuifikia kwa miguu. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, leo orodha kwenye Katiba ina 22. Kila jambo likivuka bahari, mtu wa Mkoani anazidi kuwa mbali na anayemwamulia.

Swali langu: kwa nini mtu akishajua kisiwa changu anaona ameshaijua na kura yangu? Na nyie mna yenu ya namna hii?

#2 MzeeWaTandika
Wapemba hujuana kwa vilemba, sasa wewe wenzako wanakujuaje? Nimefanya biashara na Wapemba Kariakoo na Tandika tangu enzi za Mwinyi, sijawahi kukutana na mmoja wa CCM anayekiri mbele ya wenzake. Karibu dada, wewe ni nadra kuliko kwarara.

#3 Kiungani77
Hapa hakuna siri. Pemba ilikuwa Hizbu, kile chama cha kabla ya Mapinduzi, toka siku ya kwanza, kisiwa kizima, na baada ya vyama vingi ikawa CUF, sasa ACT. Ni jambo moja linabadilisha jina. Anayekuwa CCM kule ama mwajiriwa wa serikali ama anataka kuajiriwa. Bi Mkoani, unafanya kazi wapi?

#4 Hakimu wa Kijiji
#3 mkuu, historia hiyo umeikata kwa shoka. Pemba haikuwa Hizbu kisiwa kizima. Kulikuwa na chama cha ZPPP cha Mohamed Shamte, Mpemba, kilichojitenga kutoka ASP yenyewe mwaka 1959. Uchaguzi wa Julai 1963, viti 31: ASP 13, Hizbu 12, ZPPP 6. Hivyo 6 vya ZPPP vyote vya Pemba, na ASP ilipata viti 2 kulekule Pemba. Na kumbuka ASP ilikuwa na asilimia 54 ya kura zote za visiwa, ila serikali ikaundwa na wale wawili waliounganisha viti. Kwa hiyo babu wa mleta uzi kuwa ASP si ajabu. Alikuwa upande wenye watu, ila si wengi wa kuchukua majimbo.

#5 Kiungani77
Viti 2 katika 14 vya Pemba. Umenisaidia hoja. Na hujajibu la ajira.

#6 BintiMkoani
#5 kaka, nina duka la vitambaa. Sijawahi kulipwa mshahara wa serikali hata mwezi mmoja. Tena nikupe faida: kwa mwenye duka Pemba, kuwa CCM ilikuwa hasara. Miaka ile baada ya 1995 kulikuwa na kutengwa. Hununui kwao, hawanunui kwako, hampandi gari moja, hamzikani.

Bibi yangu alipofariki tulisoma hitima nyumbani. Mama alipika pilau ya kijiji kizima kama desturi, majamvi yakatandikwa mpaka nje chini ya mwembe. Wakaja jamaa wa karibu na maalim, basi. Mie nilikuwa msichana mdogo, kazi yangu kupeleka maji ya kunawa, nimesimama na birika mkononi na jamvi la nje halina mtu. Jioni, mama mmoja jirani, CUF wa kutupwa, akapita uwani na kanga kichwani akamwambia mama, "Nipakulie, nami ni wa msiba huu." Akala palepale jikoni, kisha akakosha masufuria.

Mtu akiniuliza ninapata nini kwa kuwa CCM, hukumbuka pilau ile tulivyoigawa siku ya pili.

#7 MzeeWaTandika
Hapo nimekaa kimya kidogo. Mungu amrehemu bibi.

#8 Babu wa Jadida
Waaleykumu salaam. Mie wa Wete, umri umekwenda, kijana wangu ndiye ananiandikia.

Binti yangu, la hitima ni kweli, na lilikuwa baya, na tulilifanya. Lakini usilisimulie peke yake. Nyie mnaanza 1995, sie tunaanza 1964. Baada ya Mapinduzi Pemba tuliletewa watawala wa kututia adabu. Hizo ndizo tunaita siku za bakora. Marehemu baba, mtu na ndevu zake, alilazwa mbele ya wanawe akachapwa kwa kuchelewa kazi ya kujitolea. Halafu ikaja njaa ya mwanzo wa miaka ya 70, vyakula vya nje vimezuiwa, mchele wa foleni, mtu anakula mihogo na ndizi mwezi mpaka mwezi, na karafuu zetu ndizo zinaingiza fedha za kigeni za nchi nzima.

Kiungani anasema Hizbu. Mie baba yangu hakuwa Hizbu, alikuwa ZPPP. Mie mwenyewe nilikuwa Youth League ya ASP, nikaimba na nyimbo. Sikutoka CCM kwa sababu ya Hizbu. Nilitoka kwa ile bakora.

Na la eka tatu: Unguja ndiko kulikokuwa na mashamba makubwa ya mabwana. Kwetu Pemba karafuu zilikuwa mikononi mwa wengi, huyu mikarafuu 20, huyu 50. Kwa hiyo Mapinduzi kwa Mpemba wa kawaida hayakuja na ardhi. Yalikuja na amri. Babu yako alipata, Alhamdulillahi, lakini alikuwa mmoja miongoni mwa wachache.

#9 Hakimu wa Kijiji
Shikamoo mzee. Haya ni maelezo ya tatu sasa, na ninaona ndiyo yenye uzito: siasa ya Pemba ni ya nani alitendewa nini baada ya 1964, kuliko chama cha babu.

#10 Kaskazi_Kusi
Mzee na Hakimu, naheshimu, ila mnasahau mtu mmoja: Maalim Seif mwenyewe. Mtambwe, Pemba. Alikuwa Waziri wa Elimu Zanzibar baada ya 1977, kisha Waziri Kiongozi 1984 mpaka 1988, yote ndani ya CCM. Wapemba wengi walikuwa CCM kwa sababu yeye yumo, wakatoka kwa sababu alifukuzwa 1988 na kuwekwa ndani 1989. Kama angebaki, leo tungekuwa na uzi wa "Mie Mpemba na si CCM, mnaoshangaa njooni".

#11 Kiungani77
#10 hilo linawezekana. Lakini mbona wakubwa wengine wa Pemba walibaki CCM na kisiwa hakikuwafuata? Dk. Omar Ali Juma, Waziri Kiongozi, kisha Makamu wa Rais wa Muungano mpaka alipofariki 2001. Dk. Shein, mtu wa Chokocho, Makamu wa Rais, kisha Rais wa Zanzibar miaka 10. Mwaka 1995 CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba na Omar Ali Juma yupo kwenye tiketi ya juu kabisa. Cheo cha mtu wao hakikuwavuta.

#12 BintiMkoani
#8 shikamoo babu. Nimesoma mara mbili na sina la kupinga katika uliyoyaona. Babu yangu naye alizisimulia bakora, na alikuwa na kadi ya ASP mfukoni. Hazikuchagua.

Ila sikubali kwamba kwa kuwa waliopata ardhi walikuwa wachache, basi mie niwe mgeni kwetu. Wachache nao ni Pemba.

#11 Chokocho ni Wilaya yetu ya Mkoani, jirani kabisa. Enzi ya Shein kilo ya karafuu ilifika shilingi 14,000. Watu waliezeka nyumba kwa bati, walisomesha. Na wengi wao hawakumpigia. Sikuwahi kumwambia mtu ana deni la kura kwa bei ya karafuu. Ndiyo maana nashangaa mie nikidaiwa.

#13 NakuruTown
Habari zenu, niko Kenya. Nimekuwa nikisoma kimya lakini #1 imenigusa. Mimi ni Mkikuyu wa Nakuru na nimempigia Raila 2013, 2017 na 2022. Nakuru si mahali pa mchezo, mwaka 2008 tuliona yaliyotokea. Mjomba wangu alichomewa nyumba huko Bonde la Ufa na mpaka leo haelewi vile naweza. Nami nilimwambia ukweli: katiba ya 2010 na ugatuzi ndivyo vilileta zahanati karibu na nyanya, na huyo mtu nilimwona akivipigania kabla wengine. Si kabila, ni hesabu yangu tu. Kwa mikutano ya familia naketi na watoto.

#14 MzeeWaTandika
Mkikuyu na Mjaluo kupigiana kura? Hiyo haijawahi kutokea Kenya, acha kutudanganya kijana.

#15 NakuruTown
#14 mzee wangu, 2002. Raila alisimama Uhuru Park akasema "Kibaki Tosha" na Nyanza ikampigia Kibaki kwa wingi. Na 2022 mgombea mwenza wa Raila alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga. Wewe ndiye ulikuwa unalala.

#16 MzeeWaTandika
Nilikuwa nauza vitenge, silali. Endelea.

#17 Mangi wa Uru
Nami niweke yangu. Mchaga, nasali Katoliki, nina lori mbili, na ni CCM. Kila nikikutana na mtu ananiambia "wewe ni CHADEMA, usinifiche". Hiyo ya "chama cha Wachaga" imetokea wapi wakati mwaka 1995 Moshi yote ilimfuata Mrema, na Mrema alikuwa NCCR? Na kabla ya hapo alikuwa waziri wa CCM. Watu wa kwetu walifuata mtu. Ni kweli CHADEMA ilianzishwa na Mzee Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, Mchaga. Lakini mgombea wao wa 2015 alikuwa Lowassa wa Monduli, aliyekuwa CCM wiki chache kabla. Sasa nani kamfuata nani?

#18 Kaskazi_Kusi
Mangi umeongeza nguvu kwenye #10. Watu hufuata mtu.

#19 Mangi wa Uru
Mimi sikumfuata mtu, ndugu. Mimi nilibaki palepale, wao wakapita wakienda na kurudi.

#20 Hakimu wa Kijiji
Tunamsahau mleta uzi kwenye hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo ngumu. Mpemba CCM tumemwelewa. Lakini CCM wa serikali tatu? Sera ya chama ni mbili. Jumbe alifikishwa kikaoni Dodoma Januari 1984 kwa jambo hilohilo, akaachia urais wa Zanzibar na umakamu wa rais wa Muungano. Mansour Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembe Samaki, kafukuzwa uanachama 2013. Mzee Hassan Nassor Moyo, mwanzilishi mwenye kadi namba 7, kafukuzwa 2015. Othman Masoud, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwenye baadhi ya ibara Bunge la Katiba 2014, akaondolewa siku chache baadaye, leo yuko ACT. Dada, hao wote walikuwa wakubwa kuliko sisi. Wewe una nini walichokosa?

#21 BintiMkoani
#20 swali zuri, na ndilo nililolisubiri.

Tazama orodha yako vizuri. Jumbe, makamu mwenyekiti wa chama. Moyo, kadi namba 7. Mansour, waziri. Mwanasheria Mkuu. Hakuna hata mmoja aliyetoka upinzani. Na ongeza wabunge wa CCM wa bara 1993, wale 55, walioomba serikali ya Tanganyika ndani ya Bunge, mpaka Mwalimu alipoingia kati kuizima. Ongeza Tume ya Nyalali, ongeza Warioba 2013, Waziri Mkuu mstaafu wa chama hikihiki, rasimu yake ya Katiba ikaandika serikali tatu. Hoja hii imezaliwa chumbani mwa CCM mara kwa mara, miaka 40. Wanaofukuzwa ni watu, hoja inarudi na mtu mwingine.

Nikihamia upinzani, nitaambiwa "umeona, Mpemba." Hoja yangu itageuka kuwa kisiwa changu. Nikiisema nikiwa na kadi, inabidi wanijibu hoja.

#22 Babu wa Jadida
Au watakunyang'anya kadi, binti yangu.

#23 BintiMkoani
Wataichukua babu. Ardhi ya babu yangu hawaichukui.

#24 Kiungani77
Nina wasiwasi na jambo jingine na sisemi kwa ubaya. Babu yako mchumaji asiye na mkarafuu. Wachumaji wengi Pemba walitoka bara na Unguja msimu wa mavuno, wengine wakabaki. Huenda ndiyo maana ukawa ASP. Si Mpemba wa asili.

#25 BintiMkoani
Hapo ndipo tunapofikaga kila siku. Nikitofautiana na wenzangu, natafutiwa meli iliyonileta. Babu kazaliwa Kengeja, na baba yake kazikwa Kengeja. Na hata angetoka Tabora kwa miguu, mwanawe akizaliwa Pemba ni Mpemba. Nani alikupa wewe daftari?

#26 Hakimu wa Kijiji
#24 mkuu, hilo la asili ndilo lililoua watu visiwani. Tuliache.

#27 Mtu wa Shimoni
Assalaam aleykum. Nimeona #24 nikaona niandike. Mimi ni Mpemba wa Kenya, pwani ya kusini. Babu zetu walikuja kuvua, wakabaki. Nimeishi bila kitambulisho mpaka utu uzima: huwezi kusajili laini ya simu, huwezi kupewa leseni ya kuvua, mtoto akimaliza shule anakwama. Mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ikatutambua rasmi. Kwa hiyo ninyi mnabishana nani Mpemba wa asili, sisi huku tulikuwa tunaulizwa mbona tu Wapemba.

Januari 2001, baada ya yale mauaji ya waandamanaji Pemba, mashua zilikuwa zikiingia Shimoni zimejaa watu, zaidi ya 2,000 kwa jumla. Nilikuwa kijana. Mama alitoa mikeka yote ya nyumbani. Na nawaambia, ndani ya zile mashua walikuwemo pia watu wa CCM, maana aliyekimbia risasi hakuwa na muda wa kuonyesha kadi. Kuna mmoja alikaa kwetu, hakusema chama chake mpaka wenzake walipopelekwa kambini Dadaab.

Sasa tuna vitambulisho, kila chama kinatuhesabu kama kura za shukrani. Mimi nashukuru, na kura yangu nitampa ninayemtaka. Ndugu zangu wanasema nina utovu wa adabu. Bi Mkoani, nimekuelewa kabisa.

#28 NakuruTown
#27 "kura za shukrani", hiyo nitaenda nayo kwa mjomba.

#29 Mangi wa Uru
Samahani nitoke kidogo kwenye mada. Hizo karafuu 14,000 ni kavu au mbichi? Nina mtu anataka mzigo.

#30 BintiMkoani
#29 kavu, kaka, na huwezi kununua kwa mkulima moja kwa moja. Mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake kwa sheria. Ukikutwa na gunia kwenye mashua usiku ni magendo. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nayo yana kiwanda chake. Uliza kwanza, usije ukaniponza mwanaCCM.

#31 Kaskazi_Kusi
Na ZSTC kuwa mnunuzi pekee ndiyo maelezo mengine ya siasa ya Pemba, kama mnataka. Kisiwa kina zao moja, mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo ni serikali. Bei ikishuka, unamlaumu nani? Miaka ya 80 na 90 bei ya dunia ilianguka baada ya Indonesia kujitosheleza kwa karafuu za sigara zao. Mkulima wa Wete haioni Indonesia, anaiona ofisi ya serikali. CUF ikaja 1992 ikakuta shamba limelimwa.

#32 Babu wa Jadida
Kijana huyu anasema kweli. Lakini bei ilipopanda enzi ya Shein, mbona hatukurudi?

#33 Kaskazi_Kusi
Hapo mzee umenikamata. Nitafikiria.

#34 Kiungani77
Kwa sababu si bei. Nilisema toka #3.

#35 Hakimu wa Kijiji
#34 na ulishajibiwa toka #4. Mzee wa Jadida, ulisema ulikuwa Youth League. Unakumbuka jimbo gani la Pemba ASP ilishinda 1963? Nataka kulinganisha na alichosema Bi Mkoani kuhusu Kengeja.

#36 Babu wa Jadida
Nakumbuka kampeni, majina ya majimbo yananichanganya, yalikatwa upya mara nyingi. Dada yangu mkubwa yupo Chake, yeye alipanga foleni ya kura mwaka huo. Ijumaa nitamuuliza.

#37 BintiMkoani
Babu, ukienda muulize pia kama wanawake walipanga foleni yao mbali na ya wanaume, na kama kuna aliyemwambia ampigie nani. Na kama kadi yake ya wakati ule bado anayo, mwambie kijana apige picha atuwekee hapa.